Mtungi wa gesi upo, lakini maharage yanapikwa kwa kutumia nini?

Pato la Taifa halitakuambia kama maisha yanasonga mbele Unga Limited hapa Arusha, wala kule Kibosho, Moshi. Miti ikikatwa, mbao zinahesabiwa. Msitu uliopungua haukatwi kwenye hesabu. Familia ikiugua kwa maji machafu, dawa walizonunua zinakuza pato. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu hizo Marekani, aliwaonya wabunge wa huko tangu 1934 kwamba ustawi wa taifa haupimwi kwa pato lake.

Kwa ngazi ya kata, kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichotoka 2010, kinafaa zaidi. Kina viashiria 10. Viwili vya afya (lishe na vifo vya watoto) na viwili vya elimu (miaka ya masomo na watoto kuwa shuleni) vina uzito wa 1/6 kila kimoja. Sita vya hali ya maisha (nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba, mali) vina 1/18 kila kimoja. Jumlisha uzito wa vile ambavyo kaya inakosa; ikifikisha theluthi moja, ni maskini.

Chukua kaya ambayo mtoto mmoja wa darasa la tano ameacha shule: 3/18. Wanapikia mkaa na choo wanachangia na wapangaji wenzao: sasa 5/18, bado. Sakafu ikiwa ya udongo, 6/18, wameingia. Kisha zidisha sehemu ya watu walio maskini kwa wastani wa wanavyokosa. Watu 100 kati ya 500 wakiwa maskini, na kwa wastani wakikosa 45%, jibu ni 0.20 × 0.45 = 0.09. Uzuri wake ni kwamba maskini akivutiwa umeme jibu linashuka, hata kama bado hajatoka kwenye umaskini.

Hesabu ni rahisi. Mlangoni, unapohoji kaya, ndipo mambo yanapoharibika. Ukiuliza "Mnatumia gesi?" utajibiwa ndiyo, na mtungi utaonyeshwa, kumbe unatunzwa kwa chai ya asubuhi. Kinachotakiwa ni nishati inayotumika zaidi, kwa hiyo uliza maharage ya juzi yalipikwa kwa kutumia nini. Kwenye maji, usiulize "Ni mbali?" Muulize anayechota, si baba mwenye nyumba: ulitoka saa ngapi, ukarudi saa ngapi? Akitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa kumi na mbili kasorobo, hizo ni dakika 45 pamoja na foleni, na kikomo ni 30 kwenda na kurudi. Maji ya mfereji wa wazi kutoka mlimani ni upungufu hata kama yanapita uani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuruka lishe kwa sababu kupima watoto kunachosha. Ukiiruka, uzito wake unahamia kwenye kiashiria cha vifo vya watoto, nacho kinafika 1/3. Hapo kila kaya iliyofiwa na mtoto ndani ya miaka mitano inaandikwa maskini, hata yenye gari. Azima mizani na ubao wa kupimia urefu kwenye zahanati kabla hujachapa dodoso.