Pokhara mpaka Jomsom: kilomita 70 tu, ila usiziamini

Jamaa yangu anapanga kwenda Nepal mwezi wa kumi, akaniuliza eti Pokhara mpaka Jomsom kwa ndege ni mda gani, mana kaingia kwenye zile tovuti za kupiga hesabu za umbali wa viwanja vya ndege zikamwambia kilomita kama 70, dakika chache umefika. Kilomita ziko sawa, sibishi. Ni karibu sawa na Dar na Unguja, na huko angani mnakaa dakika 20 hivi, pia kama Dar na Unguja.

Ila we chukua ramani, piga mstari ulionyooka kati ya hivyo viwanja viwili uone unapita wapi. Unapita karibu kabisa na kilele cha Annapurna ya kwanza, mita 8,091! Sasa ndege zinazoenda Jomsom ni vile vidogo vya panga boi mbili, Twin Otter, watu 19, ndani hamna hata presha ya kukuwezesha kupumua huko juu, kwa hiyo hakuna rubani wa kuruka juu ya mlima ule. Wanazunguka kwa magharibi, wanaingia kwenye bonde la mto Kali Gandaki, wanapanda nalo kati ya Annapurna na Dhaulagiri, na yenyewe ni mita 8,167. Yaani mnapita katikati ya kuta mbili.

Na hapo sijagusa upepo. Jua likishapanda, hewa ya juu kule Mustang, wilaya ilipo Jomsom, inapata joto inanyanyuka, basi hewa ya chini inavutwa kupitia lile bonde jembamba, ikifika mchana ni upepo wa kupeperusha mchanga na vijiwe. Ndo mana ndege zote ni asubuhi, saa 12 mpaka saa 4 au 5 hivi, baada ya hapo kwaheri. Sasa Pokhara ikiamka na ukungu mnasubiri, ukungu ukiisha huku, upepo umeanza kule, safari imefutwa mrudi kesho. Dakika 20 zimekuwa siku nzima, na msimu wa mvua, mwezi wa sita mpaka wa tisa, zinaweza kuwa hata siku kadhaa.

Marubani sio waoga jamani. Tarehe 29 Mei 2022 ndege ya njia hii hii iligonga mlima ikiwa na watu 22, hakupona hata mmoja. Mi wakisema leo haturuki nakaa kimya nakunywa chai.

Barabara ipo, inapita Beni na Tatopani, zaidi ya kilomita 150, basi au jeep ni siku nzima ya kurushwarushwa na mvua ikinyesha udongo unaporomoka njia inafungwa. Mahujaji wengi wa hekalu la Muktinath, lililo juu ya Jomsom, wanaenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo nimemwambia achukue ndege ya kwanza kabisa asubuhi, na wakati wa kurudi asibananishe na ndege yake ya Kathmandu kuja nyumbani, aache angalau siku mbili katikati. Kiti achague cha dirishani. Akienda, kulia ni Annapurna na Nilgiri, kushoto Dhaulagiri, kwa hiyo upande wowote haibiwi.