Siku moja maishani mwangu: tairi mpya na taa ya upepo, Dar es Salaam

Saa 12:00 asubuhi. Kazi ya kubadilisha tairi nyumbani kwa mteja huanza kabla jua halijashika, na sababu si foleni peke yake. Kipimo cha upepo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ni cha tairi baridi, yaani gari limelala kwa muda wa saa 3 au zaidi. Likishatembea, presha hupanda psi (kipimo cha presha) 3 hadi 5. Hata gari lililoegeshwa nusu juani, nusu kivulini, husoma tofauti kila upande. Ukikosea hapo, taa ya upepo, ile ya dashibodi inayoonya kuwa upepo wa tairi umepungua, itakusumbua hata kama kila hatua nyingine umeipatia.

Kwenye pikapu: kompresa, mashine ya kuvulia tairi na ya balansi, jeki, spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, geji, kifaa cha kusoma sensa (vidude vinavyopima upepo ndani ya tairi) na pakiti za vipuri vya valvu.

Saa 1:00, Mbezi Beach. VW Golf, tairi mbili mpya zinaenda nyuma. Gari hili halina sensa ndani ya tairi. Linatumia zile za ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) kulinganisha mzunguko wa magurudumu: lenye upepo mdogo hufupika kidogo, basi huzunguka haraka kuliko wenzake. Sasa, tairi jipya lina mifereji yenye kina cha kama milimita 8, la mbele limebaki na 3. Tofauti ya kipenyo ni milimita 10. Gari linaona magurudumu ya mbele yanakimbia na kudhani yameishiwa upepo, kumbe hayana tatizo.

Kwa hiyo nazijaza zote nne, zikiwa baridi, kwa namba ya mlangoni. Bolti za magurudumu nakaza kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 120. Kisha swichi naweka ON, gari limesimama, nashikilia kitufe cha SET karibu na gia mpaka kilie. Golf za baadaye hufanya hivyo kupitia skrini, sehemu ya mipangilio ya gari.

"Fundi, si ungebonyeza tu taa izime?"

"Itazima, mama. Lakini ukibonyeza upepo ukiwa psi 24, gari litaamini 24 ndiyo sahihi, na halitakuonya tena hapo."

Baada ya kubonyeza, gari linahitaji kutembea ili lijifunze, na kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo hujifunza kidogo sana. Ndiyo maana Golf iliwekwa ya kwanza. Mfumo huu una udhaifu mmoja ambao kila mwenye gari la aina hii aujue: tairi zote nne zikipungua pamoja, polepole, hauoni kitu. Geji mara moja kwa mwezi bado ni lazima.

Saa 4:00, Mikocheni. Gari kubwa la Ulaya, tairi nne, na hapa sensa zimo ndani, zimefungwa kwenye shina la valvu. Kabla ya kugusa jeki nasoma zote kwa kifaa: namba ya utambulisho, presha, hali ya betri. Sensa iliyokufa ijulikane mapema, la sivyo utaambiwa umeiua wewe. Betri hudumu miaka 5 hadi 10 na haibadilishwi. Ikiisha, unanunua sensa nzima. Leo ya nyuma kushoto haijibu.

Sensa zinazovunjika, nyingi huvunjika wakati wa kuvua tairi. Bamba la kubandulia ukingo wa tairi naliweka upande wa pili wa ringi, mbali kabisa na valvu. Wakati wa kurudisha tairi, naangalia ukingo wa mwisho usiruke ukaangukia juu ya sensa. Mpira, nati, pini ya ndani na kifuniko vya valvu vyote vinabadilishwa. Pini iwe iliyopakwa nikeli: ya shaba nyeupe ndani ya shina la alumini hushikana kwa kutu, hasa huku pwani, na siku ya kuifungua shina linakatika. Nati ya valvu haitaki nguvu. Nyingi ni kati ya Nm 4 na 8. Nikikuta ndani kuna maji ya kuzibia pancha, naisafisha sensa kwa kitambaa, maana tundu lake likiziba hutoa presha ya uongo.

Saa 7:00 mchana. Sensa mpya. Swali la kwanza ni gari lilitengenezwa kwa soko gani. Sensa huongea na gari kwa redio: mengi ya Ulaya husikiliza masafa ya megahezi 433, mengi ya Japani na Marekani 315. Zinafanana kwa umbo, ila ukikosea gari halitaisikia kamwe. Nachukua ya kuprogramu, nainakilia namba ya ile ya zamani iliyoandikwa kwenye ganda lake. Gari linaipokea kama ileile, bila kusajili upya.

Saa 9:30, Toyota. Mwenyewe ameweka sensa mpya, amebonyeza kitufe chini ya usukani mpaka taa ikakonyeza taratibu mara 3, na bado inawaka. Kitufe hicho huweka kiwango cha upepo tu, hakisajili namba za sensa mpya. Namba huingizwa kupitia soketi ya uchunguzi.

Namna taa inavyowaka nayo husema kitu. Ikiwaka moja kwa moja, upepo ni mdogo. Ikikonyeza kama dakika moja kisha ikatulia ikiwaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Na kwenye baadhi ya 4x4, spea nayo ina sensa: watu huhangaika na tairi nne, kumbe la tano ndilo limelala.

Saa 12:30 jioni. Sensa husinzia gari likisimama, kwa hiyo lile la Mikocheni linatembezwa mpaka presha zote nne zitokee kwenye dashibodi. Mteja anabaki na karatasi yenye namba ya kila sensa na gurudumu lake. Tairi zimepata moto, hivyo leo hatupunguzi hata psi moja; atapima kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari.