Siku yangu Altamont: bundi mmoja na kreni nzima

Saa kumi na moja alfajiri natoka Tracy na flaski ya chai. Vilima vya Altamont, California, si mbali. Huko wanang'oa mitambo ya upepo ya miaka ya 1980 ili wasimike mipya, nami kazi yangu ni kuangalia wanyamapori wasiumie. Mafundi wananiita "breki".

Saa kumi na mbili natangulia kreni kwa miguu, nikichungulia shimo moja moja la kindi wa ardhini. Salamanda, ndugu wa chura wenye umbo la mjusi, hujificha humo, na kuna bundi wadogo wenye miguu mirefu wanaotagia humo humo.

Saa moja na robo: kinyesi cheupe mdomoni mwa shimo, mabawa ya mende, kisha macho mawili ya njano. Natoa redio. Simameni!

Bosi anakuja akitazama saa yake, maana kreni inalipiwa ikifanya kazi au ikilala.

"Ana uzito gani huyo?"

"Gramu 150 hivi."

Hakucheka. Kutoka Februari hadi mwisho wa Agosti kiota cha bundi hawa hakisogelewi, basi tunakaa kusubiri simu za wakubwa.

Ninamwelewa bosi. Mitambo hii mizee ndiyo iliyokuwa ikiua tai wa dhahabu kwa makumi kila mwaka: mapanga yako chini, na tai hushuka kufuata kindi. Mwaka 2010 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipatana na kampuni kubwa ya hapa kwamba mitambo 2,400 hivi ibadilishwe. Mmoja mpya unazalisha umeme wa zaidi ya 20 ya zamani. Lakini kibali cha kuondoa muuaji huyo, mtambo wa zamani, nacho kinapita meza zile zile za ofisi zinazolinda wanyamapori. Mimi bado nasema meza zibaki. Kinachoniudhi ni faili kulala juu yake.

Saa sita mchana mama anapiga kutoka Ngong, kwake saa nne usiku. Namsimulia.

"Bundi? Asubuhi yote? Mfukuzeni, baba, kabla hajalia!"

"Mama, huku nikimfukuza nafukuzwa mimi."

Saa nane kreni inazungushwa nyuma ya kilima. Mnara mmoja unalala chini, wa vyuma vilivyofumwa kama nguzo ya umeme.

Saa tisa unusu, kwenye ukaguzi wa mitambo mipya jirani, namkuta tai. Bawa moja liko hatua sita kutoka mwilini. Mpya pia inaua, hasa ikisimikwa kwenye bonde la kati ya vilele viwili, njia yao ya upepo. Simgusi. Picha, vipimo, simu. Kwa sheria ya 1940 hata unyoya mmoja huokoti bila ruhusa. Atapelekwa ghala la serikali Colorado, na manyoya yake yatagawiwa makabila ya Wenyeji wa Marekani kwa ibada zao.

Fomu ile imenichukua saa nzima.

Saa kumi na mbili jioni upepo wa baharini umepanda, mapanga yanavuma. Napita kwa bundi wangu. Amesimama juu ya kichuguu chake, anaiangalia kreni.