Shangazi mbele ya L'Italienne

Shangazi alishona nguo Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Paris, na jicho la ufundi alihama nalo. Siku hiyo nilimpeleka Musée d'Orsay, ile stesheni ya treni ya mwaka 1900 iliyogeuzwa makumbusho mwaka 1986.

Sanamu tulizipita haraka. Alipofika kwenye L'Italienne, picha aliyoichora Vincent van Gogh mwaka 1887, akasimama. Mwanamke ameketi kitini na maua mkononi, nyuma yake manjano matupu, hakuna ukuta wala kivuli. Mimi nilivutwa na uso wake, uliopakwa kijani na wekundu waziwazi. Shangazi aliinamia sketi, mikono mgongoni, hadi mlinzi akamsihi asogee nyuma.

"Huyu hakupaka rangi, mwanangu, amefuma. Huu hapa mtande, nyuzi za wima, huu mshindio, nyuzi za kukatisha."

Nikatazama tena. Kweli, michirizi mifupi ya brashi ilikatana, myekundu juu ya kijani, buluu ikichungulia katikati, minene kiasi cha kushikika.

"Na pindo la picha mbona liko juu na upande mmoja tu?"

Nikamweleza jinsi Van Gogh alivyozipenda picha za Kijapani za kuchapwa kwa mbao, ambazo hazihitaji pande zilingane. Hilo halikumridhisha. Alitaka kujua mama mwenyewe ni nani.

Inaaminika ni Agostina Segatori, Mwitalia aliyewakalia wachoraji kama Corot ili wamchore, kisha akafungua mkahawa wake, Le Tambourin, boulevard de Clichy. Van Gogh alitundika humo picha zake za Kijapani. Wengi humtaja kama mpenzi wa mchoraji, wakaishia hapo, na hilo huniudhi. Shangazi, mwenye duka lake mwenyewe, aliuliza habari za kodi na wateja.

Nikamwambia kuna picha nyingine katika Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam, Segatori akiwa mkahawani kwake, sigara mkononi, meza yenye umbo la tari.

"Basi twende."

Tulikwenda. Huko ndiko nilikosoma kwamba Van Gogh alikuwa na kisanduku chekundu cha mabonge ya sufu, akisokota pamoja nyuzi za rangi mbalimbali aone zinavyopatana kabla ya kushika brashi. Kimehifadhiwa katika makumbusho hayohayo. Nilimtafsiria shangazi. Akaniambia nirudie, polepole, nisiruke neno.