Sukari yangu ilikua haionekani, nikaitafuta kwa sauti

Jamani hii kitu ilinitesa nikiwa masomoni Uswidi. Nilikua natenganisha dekstrani, ile minyororo mirefu ya glukosi, kwenye kolamu inayopanga kwa ukubwa, yaani molekuli kubwa zinatangulia kutoka, ndogo zinafata nyuma. Sasa kipimo cha mwisho wa kolamu kinategemea mwanga wa UV, ule usioonekana kwa macho, na dekstrani haiunyonyi, naingiza sampuli grafu imelala tu. Wenzangu wakasema ibandike rangi ing'ae, nikagoma, ukishaibandika rangi sio molekuli ile ile tena.

Nikaazima sensa ya kwatzi. Ni kisahani chembamba cha kristali kimepakwa dhahabu, ukikipa umeme kinatetemeka mara milioni 5 kwa sekunde, sauti kabisa hiyo ila sikio letu linaishia kama 20,000. Kitu kikiganda juu yake kinakua kizito na kasi ya mtetemo inashuka. Mwanafizikia Sauerbrey alishapiga hesabu tangu 1959, kwa kisahani hiki ikishuka hezi 1, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde, ujue zimeganda kama nanogramu 18 kwa kila sentimita ya mraba.

Ili dekstrani ishike nikapaka Con A, protini ya maharage fulani inayopenda glukosi, nikaunganisha mpira kutoka kwenye kolamu. Maji tu yalivyogusa mtetemo ukaanguka hezi 700 hivi, nusura nizime nikidhani kimepasuka, kumbe ndo kawaida yake, maji yanaburuta. Nikaingiza sampuli. Kimya.

Siku mbili natoa mapovu (povu moja tu grafu inaruka kama chura), nikaifungia sensa kwenye nyuzi 25 maana hata joto likicheza kidogo mstari unahama, bado kimya. Mpaka dada anayetunza maabara akasoma chupa yangu ya bafa, yaani yale maji yenye chumvi ya kutuliza pH ninayopitisha kwenye kolamu, akaniuliza, "We, EDTA ya nini humu?" Nikaishiwa pozi. Con A bila kalsiamu na manganizi haishiki sukari, na EDTA kazi yake ndo kunyakua madini hayo, na mie nimeilaza humo usiku kucha. Bafa nilinakili kwa mtu wa DNA.

Nikaanza upya, kisahani kipya, bafa yenye madini yote mawili. Safari hii mstari ukashuka polepole, UV pembeni bado imelala! Bafa tupu ilikua inayumbisha kidogo halafu inarudi, hii haikurudi, kwa hiyo usitegemee mlima kwenye grafu, unapata ngazi. Nikaosha kwa manosi, sukari nyingine ambayo Con A inaipenda, Con A ikaachia dekstrani, mstari ukapanda karibu pale pale, nikaingiza sampuli ya pili.