Niliacha uhasibu nikaingia kilimo hai, samadi nusura inirudishe ofisini

Nimefanya uhasibu miaka 11. Nilipotangaza kwamba naacha, kila mtu alikuwa na neno: chukua mkopo, kodi ekari nyingi, usianze kidogo. Mkopo sikuchukua, na hilo silijutii. Nilianza na robo ekari nikiwa bado kazini, nikilima jioni na mwisho wa wiki kwa misimu miwili, mpaka akiba ikafika ya kutuvusha karibu mwaka mzima bila mshahara. Ndipo nikaandika barua.

Ushauri ulioniumiza ni mmoja, na niliupata kwa wakulima wenye uzoefu kunishinda: "Samadi ni samadi, wewe mwaga tu." Nikanunua lori zima la samadi ya ng'ombe, nyeusi, imeoza vizuri, haina hata harufu. Nikaichanganya kwenye matuta yote. Wiki ya tatu majani machanga ya nyanya yakaanza kujikunja kama kikombe, ncha zikasokotana. Maharage nayo vilevile. Mmoja akasema ni virusi, mwingine akasema nimezidisha maji. Nikang'oa, nikapanda miche mipya palepale, nayo ikasokotana. Lakini mahindi ya pembeni, yaliyowekwa samadi ileile, yalistawi kuliko yote. Mahindi ndiyo yaliyonifumbua macho.

Kuna dawa za magugu, kama aminopiralidi na klopiralidi, zinazoua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, mahindi yakiwemo. Ikipuliziwa kwenye malisho na ng'ombe akala, hupita tumboni na kutoka na kinyesi ikiwa bado kali. Rundo likae miezi lioze, bado imo, na nyanya na mikunde hudhurika hata kwa kiasi kidogo sana. Mfugaji mwenyewe hakujua. Nyasi alikuwa amenunua kwa mtu.

Sasa samadi haishuki shambani kwangu kabla maharage hayajaipitisha. Nachota kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi za rundo, hasa ndani na chini, nachanganya nusu kwa nusu na udongo ninaouamini, najaza makopo 4. Mengine 4 natia udongo ule mtupu. Kila kopo mbegu 3 za maharage. Kila kopo liwe na kisahani chake, maana mara ya kwanza niliyapanga kwenye sinia moja, maji yakachanganyika, makopo yote 8 yakaugua na wiki 3 zikapotea bure. Majani ya kweli, yale yanayofuata majani ya mbegu, yakishatoka seti mbili tatu, jibu unaliona kwa macho. Yakiwa bapa kotekote, naita lori.

Yale matuta yaliyoharibika niliyageuza mara kwa mara, kwa kuwa viumbe vidogo vya udongoni ndivyo vinavyoivunja dawa hiyo, nikapanda mahindi, na mabua yake sikuyatia kwenye mboji. Kilichoniuma zaidi ni ithibati, yaani cheti cha kilimo hai: kanuni nyingi za kilimo hai hutaka ardhi ikae miaka 2 au 3 bila kemikali zilizokatazwa, nami nilikuwa nimeziingiza kwa mikono yangu. Nikaanza kuhesabu upya.

Msimu huu nilipima udongo wa matuta hayo kwa makopo yaleyale. Majani yote yalitoka bapa, na nyanya zimerudi mahali pake.