Shuka nililolitandika kwenye bampa ndilo lililonikwaruzia gari

Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliamini kwamba shuka kuukuu la Kimasai, ninalolitandika juu ya bampa la nyuma kila ninapopakia baiskeli, linalinda rangi ya gari langu. Jumamosi alfajiri huwa naondoka nyumbani Rau na kuelekea kusini mwa Moshi, kwenye mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, kwa sababu huko njia ni tambarare na malori ni machache. Kwenda huko kwa baiskeli kutoka mjini si kazi, kwa kuwa ni mteremko, lakini kurudi ni kupanda, na goti langu la kulia lilikwisha kukataa habari hiyo. Ndiyo maana baiskeli husafiri ndani ya gari, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa.

Jumapili moja jioni nilikuwa naosha gari, nalo ni la rangi ya bluu iliyokolea ambayo haifichi kitu, na jua la kuzama likawa linapiga ubavuni. Nikaona kwamba sehemu yote ya juu ya bampa, kuanzia kwenye kizingiti cha buti, ilikuwa na mistari myembamba isiyo na idadi, yote ikielekea upande mmoja kama nyasi zilizolazwa na upepo. Pedali haiwezi kuchora hivyo, kwa kuwa pedali huacha jeraha moja refu na la aibu.

Fundi rangi niliyempelekea hakuuliza maswali mengi. Alichovya kidole kwenye ndoo ya maji, akapitisha juu ya mistari, na mingi ikapotea machoni. Maji yalipokauka, ikarudi. Kisha akapitisha ukucha polepole, na sehemu mbili tu ndizo zilizomkamata. Akanieleza kuwa mkwaruzo unaofichwa na maji bado uko kwenye tabaka la juu linalong'aa, ambalo wao huliita kliya, ilhali ule unaokamata ukucha umezama zaidi na polishi haitautoa.

"Bosi, hii siyo baiskeli," aliniambia. "Hii ni msasa. Unatandika nini hapa?"

Nikamtajia shuka, akacheka.

Rangi yote ya gari, ukijumlisha praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi yenyewe na kliya, kwa kawaida ina unene wa takribani milimita 0.1, yaani kama karatasi moja ya daftari, na kliya ni sehemu tu ya unene huo. Vumbi letu la Moshi, kama lile la Arusha, linatokana na udongo wa volkano, na ndani yake mna chembechembe za mawe zilizo ngumu kuliko rangi ya gari. Vumbi likitulia juu ya bampa halina madhara. Madhara huanza pale unapolifunika kwa shuka, ukaweka juu yake uzito wa baiskeli ya kilo 14, halafu ukaivuta ndani. Shuka linashika chembe, baiskeli inalikandamiza, na mkono wangu mwenyewe ndio uliokuwa ukipiga msasa, mara mbili kila Jumamosi, kwenda na kurudi. Kwa mantiki hiyohiyo, kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kupakia, kama nilivyokuwa nikifanya kwa kujiona mwangalifu, kulizidisha ubaya.

Tangu siku hiyo natembea na chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Namwagia maji bampa na kizingiti mpaka vumbi litiririke, ndipo napitisha kitambaa laini kilichoshiba maji, kwa kugusa tu, bila kusugua. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Kiangazi, wakati hata majani ya migomba yamegeuka kuwa ya kahawia kwa vumbi, maji hayo ni muhimu kuliko kitambaa chochote.

Jambo la pili lilinichukua muda kulikubali, nalo ni kwamba anayestahili kuvishwa nguo ni baiskeli, wala si gari. Gari ni pana na huwezi kujua litaguswa wapi, lakini baiskeli ina sehemu chache zinazokwaruza, na zinajulikana: pedali, ncha za usukani, mikono ya breki, na ncha za uma, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ukishalitoa gurudumu hilo. Ncha za uma ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa kuwa ni chuma kitupu na huwa zinatangulia au kufuata bila mtu kuziangalia. Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu hunipa bure tyubu zilizochoka. Nazikata vipande, navisha ncha hizo, na kukaza kwa mpira mwembamba wa tyubu hiyohiyo. Kwenye bomba la juu la fremu nimevisha sponji nyeusi ambayo mafundi wa viyoyozi huvisha mabomba ya shaba, nikiwa nimeipasua kwa urefu ili ivalike na kuvulika kwa urahisi.

Pedali ya kushoto naitoa kabisa, kwa sababu baiskeli hulala upande wa kushoto ili cheni na gia zibaki juu. Hapa watu wengi huharibu, kwani nyuzi za skrubu ya pedali hiyo zimekatwa kinyume. Badala ya kukariri kushoto na kulia, weka spana namba 15 mpini ukiwa juu, kisha uuvute kuelekea gurudumu la nyuma; pedali zote mbili hulegea hivyo. Na kama baiskeli yako ina breki za diski za mafuta, chomeka kipande cha boksi gumu katikati ya pedi mara tu gurudumu linapotoka, kwa sababu mtoto akiubonyeza mkono wa breki kwa kucheza, pedi zitabanana na utapata shida kurudisha gurudumu.

Kupakia kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Baiskeli inabebwa hewani mpaka ivuke kizingiti, ndipo inalazwa; haiburutwi hata kidogo. Mpwa wangu ananisaidia vizuri, ila ilibidi nimwombe ageuze mkanda wake wa suruali, kwa kuwa chuma chake kilikuwa kinaegemea mlango kila anapoinama. Uangalifu zaidi unahitajika wakati wa kushusha, kwa sababu mtu amechoka, mikono ina jasho, na chai inamsubiri.

Wanaobeba juu ya keria wana shida yao nyingine, nayo ni mikanda. Mkia wa mkanda ulioachwa huru hupigapiga paa njia nzima, na kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi za upepo. Uufunge fundo au uuchomeke ndani ya mlango. Ile mipira ya kufungia mizigo yenye kulabu za chuma sipendi iwe karibu na gari langu, kwa kuwa ikikuponyoka ni bora ipige rangi kuliko jicho, na yote mawili ni hasara.

Mistari mingi kwenye bampa ilitoka kwa polishi, ingawa fundi alinionya kwamba kila anapoing'arisha anapunguza kliya kidogo, hivyo nisiifanye kuwa desturi. Sehemu mbili zilizokamata ukucha alizijazia rangi kwa brashi ndogo, na ukizitafuta utaziona. Shuka halikutupwa. Sasa linatandikwa ndani, juu ya viti vilivyolazwa, na limeshajaa grisi kiasi kwamba mama watoto ameagiza lisirudi tena kwenye kamba ya nguo.